Maswali na majibu: maina ya takwimu kwenye PhD

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaosoma PhD Marekani, na karibu zote zinauliza kuhusu maina ya takwimu. (Maina ni lile somo la pili unaloambatanisha na fani yako kuu. Wa Nyeri mnaoitwa Maina, tulieni, hamjatajwa.) Nimechagua sita.

Maina ya takwimu ni krediti (vipimo vya uzito wa somo) ngapi?

Hili nimelijibu hadi kalamu imechoka. Inategemea chuo. Wisconsin-Madison, kwa mfano, wa PhD hutakiwa kupanua masomo nje ya fani yake, mara nyingi kwa maina au kwa cheti, na maina ya idara moja huanzia krediti 9. Usichukue 9 hiyo ukaipeleka chuo kingine. Kuna vitabu viwili vya mwongozo vya kusoma: cha idara yako na cha idara ya takwimu. Hicho cha pili ndicho wengi hamkifungui, wakati masharti ya maina yanapangwa na wenye somo lao, si msimamizi wako, hata awe mkarimu namna gani.

Nina cheti cha kozi ya wiki mbili ya SPSS, programu ya kuchambua data. Kitahesabiwa?

Hapana.

Sijagusa kalkulasi tangu kidato cha sita. Nitaweza?

Utaweza, ukichagua mlango sahihi. Idara kubwa za takwimu huwa na njia mbili. Moja ni ya masomo ya mbinu, yaliyotengenezwa kwa watu wa kilimo, afya na elimu ya jamii: rigresheni (jambo moja linavyofuata jingine), anova (kulinganisha wastani wa makundi), usanifu wa majaribio (kulipanga jaribio kabla ya kulifanya). Huko aljebra na subira vinatosha. Nyingine ni ya nadharia, na kule bila kalkulasi na matriki utazama wiki ya pili. Kuna wanaoingia ya nadharia kwa sababu jina lake linapendeza kwenye CV, kisha Oktoba wananiandikia wakilia. Kabla ya kujisajili, omba mtihani wa mwaka uliopita, kaa nao jioni moja. Utajijua.

Niko idara ya udongo. Nimeshakusanya data: mashamba mawili, moja lina mbolea, moja halina, mahindi 40 kila shamba. Sampuli 80. Nitumie tesiti gani ya takwimu? Na je, nichukue maina au nisichukue?

Ndugu yangu, huna sampuli 80. Unazo mbili.

Mbolea hukuigawa kwa shina moja moja. Uliimwaga shamba zima. Mahindi 40 ya shamba moja yamekula udongo mmoja, yamenyeshewa mvua moja, na kama shamba liko bondeni, yote yamekunywa maji yaleyale. Ukipata tofauti, nani atakuambia imeletwa na mbolea na si bonde? Hakuna tesiti ya kutenganisha hayo, na programu haitakuzuia. Ukiingiza 80 itakupa jibu zuri lenye nyota tatu pembeni, alama ya kwamba tofauti si ya bahati tu, na jibu hilo ni la uongo. Stuart Hurlbert aliliandikia kosa hili makala nzima mwaka 1984, likapewa na jina, na bado kila msimu nalipokea upya.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Nyanya, vitalu nyumba viwili, mbegu mpya kimoja na ya zamani kingine. Nikampelekea mtaalamu wa takwimu daftari langu, kurasa zimejaa namba mpaka pambizoni. Hakuangalia namba hata moja. Aliuliza tu, "Ulipiga kura?" Yaani kura ya kuamua mbegu ipi iende kitalu kipi. Sikuwa nimepiga. Na kile kitalu cha mbegu ya zamani feni yake ilikuwa mbovu tangu Machi. Msimu ukaishia hapo.

Ulitakiwa kugawa kila shamba vipande, kisha kupiga kura kipande kipi kipate mbolea. Dakika kumi za kazi, kabla ya kupanda. R. A. Fisher, aliyeyajenga mambo haya akiwa kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti: labda atakuambia jaribio limekufa kwa nini. Kwa sasa eleza ulichokiona bila kudai kwamba mbolea ndiyo chanzo, na urudie msimu ujao.

Na maina, ndiyo, chukua, ila anza na usanifu wa majaribio. Wewe wa udongo usijione mgeni kule. Chuo cha Iowa State, ambako mwanatakwimu George Snedecor alianzisha maabara ya takwimu mwaka 1933, kazi iliyowaweka mjini ilikuwa mahindi na nguruwe.

Lazima mwanatakwimu akae kwenye kamati inayosimamia PhD yangu?

Kwa vyuo vingine, ndiyo. Cornell, maina yenyewe inawakilishwa na profesa ndani ya kamati. Kwingine ni saini tu. Hata pale isipolazimu, mimi ningemwomba, na ningemwomba mwaka wa kwanza, kabla ya pendekezo la utafiti. Tena usimwendee na "naomba unisaidie data." Mpelekee swali la utafiti na karatasi tupu. Watu hawa wanachoshwa na kuitwa mafundi wa kuziba pancha.

Naweza kuacha maina mpaka mwaka wa mwisho?

Fanya hesabu ya mfukoni kwanza. Wisconsin huwezi kuingia hatua ya kuandika tasnifu mpaka masomo yote, pamoja na maina, yameisha. Aliyefika hatua hiyo hujisajili krediti 3 tu na ada yake hushuka. Kwa hiyo somo moja la takwimu ulilolikwepa linakushikilia kwenye ada kubwa. Halafu masomo mengine hayafundishwi kila muhula. Ukilikosa la vuli, unangoja vuli nyingine huku siku za viza zinakwisha. Fomu ya makubaliano ya maina isainiwe mapema, na nakala ubaki nayo wewe. Profesa mliyekubaliana naye akihamia chuo kingine, kumbukumbu yake ya mlichokubaliana kwenye korido inahama naye.