Jibu: Soketi ya mguu bandia imepata ufa, epoksi itafaa?

Habari ndugu, pole sana. Umeuliza kama ufa kwenye soketi ya resini (lile kombe gumu la mguu bandia linaloingia kigutu) unaweza kuzibwa kwa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya. Mimi natumia mguu wa chini ya goti, na nimeshaziba soketi mara mbili.

Kwanza angalia ufa uko wapi. Ukiwa chini, karibu na boliti zinazoshika bomba la mguu, usiuguse na usiutembelee mguu huo. Uzito wote unapita hapo. Peleka kwa fundi wa viungo bandia. Ufa wangu ulikuwa kwenye ukingo wa juu, urefu wa kidole.

Nilitoboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, usije ukaendelea kukimbia. Nikapiga msasa namba 80 kwa nje mpaka mng'ao ukaisha (vaa barakoa, vumbi lile linawasha vibaya), nikafuta kwa asetoni, nikabandika kitambaa cha faiba kilicholoa epoksi ya mirija miwili. Achana na ile ya dakika 5. Mara ya kwanza nilitumia hiyo, ikabanduka ndani ya wiki. Ngoja saa 24 kamili.

Ndani usipake kabisa, epoksi isiyokauka vizuri huharibu ngozi ya kigutu.

Weka picha ya ufa tuuone.