Kidonge kinene cha pairiti: rekebisha chuma, kobalti iache

Ndugu uliyeuliza kama data ya ufyonzaji wa eksirei ya kidonge chako cha mabaki ya mgodi wa Kilembe, Uganda, yenye pairiti (madini ya chuma na salfa, FeS2), kilichotoka kinene mno, inaweza kuokolewa kwa hesabu: inategemea ulipima vipi, tena kwenye ukingo wa elementi ipi, yaani nishati ambapo elementi hiyo huanza ghafla kufyonza eksirei kwa nguvu.

Kama ulipima eksirei zilizopenya, achana na hesabu. Ufyonzaji (logi asilia ya miale iliyoingia ukigawanya kwa iliyopita) ukifika 4, kinachopita hakifiki hata 2% ya miale. Hamoniki (eksirei za nishati mara mbili au zaidi, zinazopenya kirahisi) zikivuja 1% tu, ile 4 itasomeka 3.57, ilhali 1 itasomeka 0.98, kwa hiyo vilele hubanwa zaidi ya kila kitu. Vitundu ndani ya kidonge hufanya hivyohivyo. Ukikijua kiasi cha uvujaji unaweza kukiondoa, lakini kelele nayo inakuzwa. Saga upya, changanya na selulosi, mruko wa ukingo (kiasi ambacho ufyonzaji unapanda kwenye ukingo) uwe karibu na 1 na ufyonzaji wote usizidi 2.5.

Fluoresensi, yaani kupima eksirei ambazo sampuli yenyewe hutoa ikipigwa miale, ndiyo inayorekebishika. Sisi tulipopeleka matope kama yako SESAME, maabara ya sinkrotroni kule Jordan, mjadala mkubwa ulikuwa huu: turekebishe chuma na kobalti zote mbili? Hapana! Chuma ni kingi, kwa hiyo ukivuka ukingo wake wa 7112 eV (elektroni-volti, kipimo cha nishati) ufyonzaji wa kidonge chote unapanda, miale inaishia karibu na uso, na kilele kinalala. Kobalti, kwenye 7709 eV, ni chache mno kuubadilisha ufyonzaji wa jumla. Ukiirekebisha kwa nguvu utazua kilele ambacho hakipo. Tatizo lake ni jingine: mng'ao wa Kβ wa chuma (mmoja wa mistari ya fluoresensi yake), 7058 eV, unaingilia mstari wa Kα wa kobalti, 6930 eV, na hilo ni suala la kigunduzi kuitenganisha.

Kwenye Athena, programu ya kuchambua data hizi, ingiza muundo wa kidonge chote pamoja na kwatsi na selulosi, usiweke FeS2 peke yake. Halafu angalia punje. Programu inachukulia kwamba kila kitu kimechanganyika sawasawa, lakini punje kubwa ya pairiti ni sampuli nene yenyewe, hata ukiizungushia selulosi kiasi gani. Isage hadi mikroni chache.

Umbali wa atomu jirani unaosomwa kwenye data hii hauharibiki sana. Idadi ya majirani ndiyo inayosomeka pungufu. Kabla hujaiandika kwenye tasnifu, pima kipande chembamba cha unga uleule kwa kupenyesha, uuweke mstari wake juu ya ule wa fluoresensi. Isipolingana kileleni, amini ule wa kipande chembamba.