Ukiitwa kwenye bodi ya shirika la mazingira

Ukiombwa kuwa mjumbe wa bodi ya shirika la mazingira hapa Mombasa, usikubali siku hiyo hiyo. Omba kwanza katiba ya shirika, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na kumbukumbu za vikao vya karibuni. Wakikupa bila kusitasita, umeshajua mengi. Wakikwambia "wewe ingia tu, hayo utayaona baadaye", pia umejua. Mimi najitolea kwenye bodi ya shirika linaloshughulikia mikoko na usafi wa fuo huku Pwani, na yeyote anayeniuliza kuhusu kazi hii humwanzia hapo. Ukishaingia, jina lako liko kwenye faili la serikali, na ripoti isiyowasilishwa inakuhusu.

Uliza pia shirika limesajiliwa chini ya sheria gani. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 14, 2024, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1990. Mashirika mengi yamelazimika kupanga upya karatasi zao, na hiyo ni kazi ya bodi, si ya kijana wa ofisini peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wakisikia bodi ya mazingira, wanaona kofia, buti za matope na miche. Nenda ukapande, ni vizuri, utawajua wafanyakazi na wanakijiji. Lakini huko matopeni mikono iko mingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, mezani, miche iliyopandwa mwaka juzi iko wapi leo.

Mwaka mmoja mfadhili alituletea fedha kwa sharti la idadi: miche kadhaa iwe imepandwa kabla hajafunga mwaka wake wa fedha. Mahali palipokuwa wazi na rahisi kufikika ni tope tupu upande wa Tudor, linalofunikwa na maji sehemu kubwa ya siku. Mzee mmoja mvuvi, mjumbe mwenzetu, akauliza: "Pale mkoko uliwahi kuota? Na kama haukuota, mnadhani ni kwa kukosa mpandaji?" Kikao kikanyamaza. Kenya ina aina tisa za mikoko na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari, unapigwa na maji. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, kisha mkandaa. Mchu utauona mbele na utauona tena nyuma kabisa, kwenye ardhi ya chumvi. Wapandaji wengi huchukua mkoko kwa sababu mche wake ni mrefu, unaokotwa kwa urahisi na kuchomekwa kwa mkono mmoja, wakauweka popote penye nafasi. Bamvua mbili tatu, yale maji makuu ya mwezi, zikipita, hakuna kitu.

Tulimwandikia mfadhili kwamba tutapanda miche michache zaidi, mahali pengine, na sehemu ya fedha ilipe vijana wa kuihesabu na kuitunza kwa miaka miwili. Mkurugenzi wetu aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mishahara ilitegemea fedha hizo. Ndiyo maana barua ilitiwa saini na mwenyekiti wa bodi. Mfanyakazi anayelipwa kwa fedha za mradi hawezi kumwambia mwenye fedha "hapana" peke yake. Wewe usiyelipwa unaweza. Mfadhili alikubali sehemu kubwa ya tulichoomba.

Gazi, kule Kwale, wamefika mbali zaidi. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 na unauza kaboni, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hufyonza na kuihifadhi, na jamii ndiyo inayoamua mapato yaende kwenye maji au kwenye shule. Mnunuzi wa kaboni analipia msitu ulio hai na uliopimwa. Peleka bodi yako ikaone.

Kuna na Mwache, hori la bahari linaloingia Port Reitz. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi, na mikoko ikafa kwa wingi. Kwa hiyo mjumbe anayesema shirika lisivuke mpaka wa kaunti ya Mombasa, mwulize udongo unatoka wapi. Mkulima wa Kinango anahusika na samaki wa Port Reitz.

Kuhusu pesa, kwetu ugumu ni heshima. Mweka hazina anaweza kuwa mtu uliyesali nyuma yake, au mama aliyekulea mtaani, na kumwomba risiti kunaonekana kama kumtuhumu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuondoa mtu kwenye swali. Taarifa ya benki iwe kwenye ajenda ya kila kikao, isomwe kwa sauti, hata mwezi usio na matumizi. Hapo hakuna anayeulizwa kwa sababu ameshukiwa. Na mpwa wa mjumbe akiwa ndiye mwenye kitalu kinachotuuzia miche, mjumbe huyo aseme mapema, atoke nje wakati wa uamuzi, na katibu aandike kwamba alitoka.

Vikao viwe kwa Kiswahili. Ripoti kwa mfadhili zitaandikwa kwa Kiingereza, sawa, lakini mzee yule mvuvi asingeuliza swali lake kwenye kikao cha Kiingereza. Nauli walipwe wanaotoka mbali, kiwango kimoja kwa wote, na kiandikwe. Kikao kisigongane na swala ya Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani kisivuke alasiri.

Karatasi za kikao zisome usiku wa kabla, ukiwa na kalamu. Ukiona kazi na watoto havikuachii hata saa hizo mbili, mwambie mwenyekiti waziwazi na uombe kazi ya kitalu Jumamosi asubuhi. Miche inahitaji kumwagiliwa, na kiti chako atakipata mwingine mwenye nafasi.