Kwa mnaoanza kazi ya mifugo Tabora: hesabu ya methani kabla ya kufika zizini

Ukipangiwa kazi ya ugani wa mifugo Nzega, Igunga au Kaliua siku hizi, utakuta methani, gesi inayoongeza joto la dunia, imeshaingia kwenye semina, kwenye maandiko ya miradi na kwenye maswali ya wageni. Nimefanya kazi hii mkoani Tabora kwa miaka mingi, na ninaandika kwa sababu naona vijana wanafika kijijini na nusu ya hoja: kwamba ng'ombe wanaharibu hali ya hewa. Ukimwambia hivyo mfugaji ambaye mali yake yote iko zizini, hatakusikiliza tena hata ukija na chanjo.

Ifahamu gesi yenyewe kwanza. Nyasi zikiingia kwenye tumbo kubwa la ng'ombe, vijidudu huzivunjavunja, na baadhi yao hutengeneza methani ambayo ng'ombe huitoa kwa kubeua. Watu wengi hudhani inatoka nyuma. Sehemu kubwa kabisa inatoka mdomoni. Samadi ya zizi kavu kama yetu hutoa kidogo, maana methani hutengenezwa mahali pasipo hewa, na samadi iliyotawanyika juani inapata hewa ya kutosha. Tatizo la mabwawa ya samadi unalosoma kwenye vitabu ni la mashamba makubwa ya nje. Bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na samadi, ni nzuri kwa kupunguza kuni, lakini inataka ng'ombe wa kufungia na maji ya kila siku. Usiiuze kwa kaya inayofuata maji mbali mwezi wa kumi.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili: methani ni chakula kilichopotea. Kwa kawaida, asilimia 6 hadi 7 ya nguvu iliyomo kwenye malisho ya ng'ombe hutoka kama gesi badala ya kuwa nyama au maziwa. Mfugaji hahitaji kusikia habari za mkutano wa tabianchi wa Glasgow ili alielewe hilo. Anawaona ng'ombe wake wakila mabua makavu kutwa nzima na mbavu bado zinahesabika.

Sasa hesabu. Miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, inampa ng'ombe wa Afrika asiye wa kisasa wa maziwa kilo 31 za methani kwa mwaka. Ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini anapewa kilo 128. Ukiishia hapo utatangaza kwamba ng'ombe wetu hana kosa, na wengi huishia hapo. Endelea. Chukua jike wa kienyeji anayetoa lita 2 kwa siku kwa miezi 7: ni kama lita 420. Gawanya, unapata gramu 74 hivi za methani kwa kila lita. Yule wa Marekani anayetoa lita 10,000 kwa mwaka anaangukia gramu 13 kwa lita. Kwa kichwa, wetu ni mdogo mara nne; kwa lita, wetu ni mkubwa karibu mara sita. Mjadala mzima wa dunia kuhusu mifugo umekaa ndani ya tofauti hiyo, na kila upande huchagua namba inayoufaa.

Mimi naona hesabu ya lita peke yake inamwonea ng'ombe wa Igunga. Analima, anavuta mkokoteni, anatoa samadi ya shamba la mahindi, analipa mahari, anauzwa kulipia shule mtoto akifaulu kwenda sekondari. Ukiitwisha methani yote kwenye maziwa, umefuta kazi zake nyingine zote. Lakini hesabu ya kichwa nayo inatulaza usingizi, kwa sababu jike anayezaa mara moja kwa miaka miwili anabeua miaka yote miwili. Akizaa kila baada ya miezi 14 au 15, gesi yake kwa mwaka inaongezeka kidogo tu, na maziwa yanaongezeka kwa zaidi ya nusu. Nafasi yetu iko hapo, na haimtaki mfugaji auze hata ng'ombe mmoja kwa kulazimishwa.

Kuweni waangalifu na maneno "kupunguza mifugo". Wafugaji wa kanda hii hawajasahau jinsi wenzao walivyoondolewa Usangu na Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 na 2007. Ukianza kuuliza idadi ya ng'ombe huku unataja gesi, wataunganisha na hereni za utambuzi wa mifugo na kodi, na idadi utakayopewa haitakusaidia. Mzee mmoja wa Igunga aliniuliza baraza likiwa limejaa, "Bwana mifugo, ukame uliopita umeua ng'ombe wangu wengi. Hiyo gesi yenu si imepungua?" Nikamjibu, "Imepungua, mzee wangu, ila hakuna aliyekunywa maziwa wala kula nyama kwa kupungua huko." Akatikisa kichwa, kisha akaanza kuuliza habari za malisho. Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo lililofungua mazungumzo ya kweli siku ile.

Malisho ndiyo kazi yenu. Ngitili, yale maeneo ambayo Wasukuma na Wanyamwezi huyafunga wakati wa masika ili wayafungulie kiangazi, ni elimu iliyokuwepo kabla yetu. Nendeni mkajifunze kwa wenyewe. Angalieni mabua ya mahindi na majani ya karanga yanavyochomwa mashambani baada ya mavuno: moto ule nao hutoa methani, na chakula cha Agosti kimekwenda. Kuyakatakata, kuyahifadhi kivulini na kuongeza mashudu kidogo ya pamba au alizeti kwa majike wenye mimba kunaleta tofauti inayoonekana kwa macho. Dawa za kuchanganya kwenye chakula, zile zinazopunguza methani kwa karibu asilimia 30 kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, zinataka mnyama anayelishwa kwenye hori kila siku. Ng'ombe anayeshinda kwenye miombo ya Sikonge hazimfikii.

Kuhusu sheria, mtaulizwa, na msibahatishe. Ahadi ya Dunia ya Methani, iliyozinduliwa Glasgow mwaka 2021, inalenga kupunguza methani ya dunia nzima kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2020. Ni ahadi ya hiari. Kanuni ya methani ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inahusu mafuta, gesi na makaa ya mawe, haimgusi ng'ombe. Marekani ilipitisha tozo ya methani kwa kampuni za mafuta na gesi mwaka 2022, na mwaka 2025 Bunge lao likaifuta kanuni ya kuitekeleza. New Zealand ilipanga kuwatoza wafugaji, ikaja kuachana na mpango huo. Denmark imekubaliana kuanza kutoza mwaka 2030. Kwa hiyo anayesema "wazungu wamepiga marufuku ng'ombe" hasemi kweli, na anayesema hakuna nchi inayomgusa mfugaji naye hasemi kweli.

Ipo na hoja ya muda, ambayo wasomi wanaibishania kwa nguvu. Methani hukaa angani kama miaka 12 tu. Tani moja yake hupasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa ukihesabu miaka 20, na mara 27 hivi ukihesabu miaka 100. Wapo wanaosema kundi lisiloongezeka haliongezi joto jipya kubwa, kwa kuwa gesi mpya inachukua nafasi ya ile inayovunjika angani. Hoja hiyo ina msingi, ila isitumike kuficha kwamba mifugo ya Tanzania inaongezeka, na sasa ng'ombe wamepita milioni 30. Kila ukionyeshwa namba, uliza ni ya miaka mingapi. Mimi naziheshimu zote mbili, ila ya miaka 20 ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu watoto wa Nzega wanaochunga leo watakuwa na makundi yao ndani ya muda huo.

Mpunga nao utakufuata. Mashamba yaliyofurika maji hutoa methani, na kilimo shadidi, cha kulowesha na kukausha kwa zamu, huipunguza sana. Kinawezekana kwenye skimu yenye mifereji kama Mwamapuli. Kwenye majaruba yanayotegemea mvua, kumwambia mkulima afungulie maji wakati hajui mvua ijayo itanyesha lini ni kumtakia njaa. Na mkipelekwa upande wa Kaliua na Kigoma, kumbukeni kuwa ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, inatoa methani kwa asili yake. Asije mtu akawashawishi kuikausha kwa kisingizio cha tabianchi. Maji yale ndiyo samaki, ndiyo malisho ya kiangazi, ndiyo Mto Malagarasi wenyewe.

Mwisho, daftari. Zile kilo 31 ni makadirio ya Afrika na Mashariki ya Kati kwa pamoja. Hazikupimwa kwenye zizi la Uyui. Kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Nairobi kinapima ng'ombe ndani ya vyumba maalumu, lakini hata wao wanahitaji kujua ng'ombe wa vijijini wana uzito gani, wanakula nini na wanazaa lini. Nunueni utepe wa kupimia uzito kwa kuzungusha kifuani. Chagueni kaya chache zinazowaamini, mwandike uzito mwanzo na mwisho wa kiangazi, tarehe za kuzaa, lita za asubuhi, ndama waliokufa na chanzo chake. Mfugaji abaki na nakala yake, kwa Kiswahili, ili akija mtu na mkataba wa biashara ya kaboni awe na namba zake mwenyewe mkononi.