Jibu: Kiungo asiyepangwa, avunje mkataba?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Nimekusoma: maskani kwenu Wete mnabishana juu ya yule kiungo aliyewekwa kando tangu kocha mpya aje, na wengine wanataka avunje mkataba ahame.

Kwanza muulizeni: anafanya mazoezi na wenzake? Kukaa benchi ni uamuzi wa kocha, hapo hakuna kesi. Kuzuiwa mazoezini makusudi ili achoke aondoke mwenyewe ni jambo jingine kabisa, na kanuni za FIFA zinalihesabu kuwa sababu halali ya kuvunja mkataba. Kuna kijana wa mtaani kwetu nilimsaidia katika mambo haya. Kilichomfaa ni ujumbe wa simu wa meneja wa timu, "kesho usije uwanjani", aliouhifadhi na tarehe yake. Maneno ya mdomo hukanwa.

Akiwa mchezaji wa kulipwa aliyekwisha kukomaa, na amecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu, ana njia nyingine, ila ana siku 15 tu baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Mshahara je? Miezi 2 haujalipwa, aandike barua ya kudai, awape siku 15; wasipolipa ndipo avunje.

Asiondoke tu kienyeji. Fei Toto wetu, yule kiungo Feisal Salum, alijaribu kujitoa Yanga Desemba 2022, shirikisho la soka la Tanzania, TFF, likaamua bado ni mchezaji wao. Akaja kwenda Azam 2023 klabu zilipokubaliana. Miezi ile ya mpira iliyopotea inaniuma mpaka leo. Mkataba wa huyo wenu sijauona, basi ausome na mwanasheria kabla hajasaini chochote.