Je, ugonjwa huu wa mgongo unaongezeka?

Dadangu, umeuliza kama ankilosingi spondilaitisi, hii arthraitisi ya uti wa mgongo, inazidi siku hizi. Wanaoishi nayo wamezidi kweli, lakini si lazima wapya ndo wengi. Angalia Ontario kule Kanada, 1995 walikuwa 79 kwa kila watu 100,000, 2010 wakafika 213, na wapya wa kila mwaka wakabaki karibu vilevile, manake haiponi, mtu anaipata kijana anaishi nayo miaka na miaka so hesabu inajaa tu. Wanawake pia wakaanza kugunduliwa zaidi, zamani ilidhaniwa ni ya wanaume.

Nduguyo hapo Mombasa kama mgongo unakaza asubuhi halafu unalegea akitembea, na imepita miezi 3, tafadhali mpeleke kwa daktari wa viungo, asikae na panadol tu.