Brashi ya umeme ya kuoshea uso: yangu ipo kabatini

Dada, umeuliza kama brashi ya umeme inastahili hela yake, maana vumbi la Igoma hapa Mwanza na chunusi vimekuchosha. Kwangu mimi, hapana. Niliitumia asubuhi na jioni. Wiki ya pili mashavu yakachubuka, hata maji yakigusa yanawaka, na kila kipele kikaacha doa jeusi. Chunusi zilizovimba hazitaki kusuguliwa. Brashi inatoa mafuta na uchafu wa juu tu, na hilo vidole vinaliweza.

Halafu kile kichwa cha brashi chenye nywele kinabadilishwa kila miezi 3 hivi. Clarisonic yenyewe, chapa ya brashi hizi iliyovuma tangu 2004, wenye nayo kampuni ya L'Oréal waliifunga 2020, sasa vichwa utavitoa wapi? Ya silikoni afadhali, haina nywele na inakauka upesi. Yangu niliiacha na maji bafuni, ikanuka utadhani imelala soko la samaki la Mwaloni Kirumba na dagaa!

Kama unajipodoa sana, sawa, mara 2 kwa wiki, dakika 1, usikandamize. Vinginevyo tumia sabuni laini ya uso na maji vuguvugu, hela inayobaki ununue losheni ya kukinga jua. Jua la huku unalijua.